Kamba ya Kisima cha Ihumwa

Matonya alikuwa na hakika anaibiwa maji. Kiangazi kile, mwaka ambao Wadachi waliifikisha reli Dodoma, kisima kilichobaki na maji Ihumwa kilikuwa cha kambi ya reli tu, na wafugaji walinywesha kwa zamu. Chuma kilichoning'inizwa kwa kamba kwenye boriti kikishabembea mara mia mbili, zamu imekwisha. Mnyapara Mbwana ndiye aliyehesabu.

Matonya hakuwa na saa, lakini alikuwa na wimbo. Wagogo hunywesha wakiimba, na wimbo wa ng'ombe wake siku zote ulitimia mara tatu ndani ya zamu. Sasa ulikatizwa katikati ya mara ya tatu. Ndama mmoja alishakufa, na mama yake alikuwa akiyumba.

"Umebadili chuma," alimwambia Mbwana. "Hiki chepesi kinakimbia."

"Haya mzee, tupime."

Mbwana akaning'iniza kile kizito cha zamani. Kikabembea vilevile. Watu wakaangua kicheko, na Yotham, shemeji yake Matonya mwenye zamu inayofuata, akacheka kuliko wote. Matonya aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Lakini shaka haikumtoka. Akamkumbuka Mdachi aliyeleta chuma kile kupima jinsi ardhi inavyovuta vitu. Alisema uzito haumo kabisa: urefu wa kamba, mvuto wa ardhi na muda vimefungana, ukigusa kimoja kingine hakina budi kusogea. Matonya hakumwamini hata chembe. Alimshikia tu fimbo yake ya kuchungia kando ya kamba, naye Mdachi akaitia alama ya kisu pale kamba ilipoishia.

Kesho yake, kabla ya kunywesha, Matonya aliiegemeza ncha ya fimbo kwenye boriti. Alama ikaangukia shubiri nzima na zaidi chini ya mwisho wa kamba. Akafunua turubai lililofunika boriti. Kamba ilikuwa imeviringishwa.

"Ardhi ni ileile, Mbwana. Nani kakutuma ufupishe kamba?"

Mbwana akamtupia jicho askari wa kambi aliyesimama kando na kiboko. "Muulize shemeji yako, mzee. Alinipa mbuzi wawili. Unachopunjwa wewe anaongezewa yeye."

Kamba ikafunguliwa. Matonya akaimba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wimbo ule una kiitikio, na kwa miaka kumi mwitikiaji wake kisimani alikuwa Yotham. Alipofika pale pa kuitikiwa, Matonya alinyamaza, akangoja. Walisikika ng'ombe tu, wakinywa.