Uzi Unaokata Majani

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, Fidès Irangabiye aliondoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alfajiri, kibali cha kutoka kikiwa mkobani na haja moja ikiwa moyoni: makaburi yasichomwe moto.

Kila mwaka majani yakikauka, kamati ya makaburi huyatia kiberiti, kwa maana mapanga hayamalizi kazi, tena huvunja alama. Moto husafisha upesi, lakini huondoka na misalaba ya mbao. Msalaba wa mwanawe Gakiza ulisimamishwa Septemba iliyopita, na Fidès alilichora jina la mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, miezi mitatu tu baada ya kujua kuandika. Mzee Honoré, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amemwambia, "Mama Gakiza, lete njia nyingine kabla ya mwezi wa saba, nasi kiberiti tutakiacha."

Maonyesho ya zana za bustani yalikuwa City Centre, katikati ya jiji. Nella, wifi yake anayeuza mboga mtaa wa Kawale, alimsindikiza. Langoni palitandazwa majani mabichi, mafupi, yaliyolingana kama yamepimwa. Fidès akavua kandambili na kuzishika mkononi, kama aingiaye sebuleni kwa watu.

"We wifi, vaa viatu. Ni majani tu."

Fidès akaendelea kutembea pekupeku. Kando ya njia aliona majani mengine yamevingirishwa pamoja na udongo wake kama mikeka, yakingoja wanunuzi. Yeye aliyelelewa kufagia ua mpaka usibaki unyasi, alisimama akiyatazama kwa muda mrefu. Mbele zaidi, mashine ndogo isiyo na mtu ilikuwa ikila majani peke yake. Ilipofika ukingoni, iligeuka yenyewe na kurudi.

"Haina hata kamba," alinong'ona.

"Mpelekee mzee Honoré, ataifunga na mbuzi wake."

Ndipo walipomfikia fundi mmoja mwenye mashine begani. Ncha yake haikuwa na kisu, ila uzi wa nailoni. Fundi alisimamisha chupa katikati ya majani marefu, akawasha. Majani yalilala pande zote, na chupa ikabaki imesimama, inang'aa. Fidès alipiga magoti akaipapasa yote. Hapakuwa na ufa.

"Uzi njo umekata?"

"Uzi, mama," alijibu fundi, mtu wa mtaa wa Chilinde aliyejifunza Kiswahili akifanya kazi Mbeya. "Chupa haiumii, wala jiwe."

"Na mbao?"

Kabla hajajibiwa, Fidès alitoa mkobani kipande cha mbao kilichosalia walipotengeneza msalaba, akakichomeka ardhini. Fundi akapitisha mashine. Mbao ilibaki imesimama, lakini mguu wake ulikuwa umetafunwa, mweupe, kana kwamba panya walikesha hapo.

"Basi, wifi," Nella alisema kwa upole. "Twende tukale nsima."

Fidès hakuinuka. Alikigeuza kipande, akakichomeka upya mahali pengine, akang'oa kwa vidole majani yote yaliyokizunguka, upana wa mkono mmoja.

"Sasa pita."

Fundi akapita. Uzi ulivuma, ukakata hadi ukingo wa ile nafasi, ukaishia hapo. Mbao haikuguswa.

Fundi alizima mashine, akauliza mbao ile ni ya nini. Alipoelezwa, alikichomoa kipande kile akamrudishia Fidès. "Nitakuja na mashine Jumamosi, tarehe 7 Juni. Ninyi mlete petroli. Lakini hizo nafasi zimalizike kabla sijafika. Msalaba uliofunikwa na majani mimi siuoni."

Jumatatu mzee Honoré alisikiliza yote, akakubali.

Basi wewe usomaye, kama una mtu wako aliyelala Dzaleka, njoo na mundu kabla ya tarehe hiyo, usafishe upana wa mkono kuzunguka alama yake. Kama huna, wafikishie habari hii waliohamia Kawale, Chilinde au ng'ambo, wamtume jirani. Uzi hauwezi kusoma majina.