Gauni Lililochuja

Fundi cherehani alikuwa amemtambia wifi yake mwezi mzima kwamba gauni jekundu la mwigizaji mkuu wa filamu mpya amelishona yeye, na kitambaa chake hakichuji hata ukichemshe. Siku ya kuonyeshwa filamu wakaketi mstari wa mbele, wifi kajimwagia marashi kama bibi harusi.

Taa zikazimwa. Ving'ora vya vita vikalia, mpelelezi mwenye kofia akatokea kwenye ukungu anavuta sigara. Kisha mwigizaji akashuka ngazi, na gauni lilikuwa la kijivu kama jivu la jikoni! Fundi moyo ukamlipuka pa! Kumbe filamu ilipigwa kwa mtindo wa kizamani, nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyemwambia.

"Wifi," mwenzake akamnong'oneza kwa raha zake, "gauni limechuja."

"Limechuja peke yake? Mtazame yule aliyepigwa risasi. Hata damu imechuja!"

Mstari wa nyuma wakaangua kicheko, maskini majeruhi bado anakata roho.

"Damu hukuishona wewe," wifi akasema.

 

Taa zilipowashwa, mwigizaji akaingia ukumbini na gauni lile lile, jekundu kama pilipili iliyoiva. Akaja moja kwa moja kumkumbatia fundi wake.

Wifi akakohoa. "Wifi yangu mpenzi, futi ya kupimia unayo?"

"Ninayo, mama. Simama, na hilo tumbo usilibane. Gauni halidanganywi."