Shada la Bwana Tansley

Kwa Wahindi kina Champa, shada la maua huvaliwa mara mbili: siku ya kufunga ndoa, na siku ukishakuwa picha ukutani. Nyumbani kwake Neasden, huko ughaibuni, baina ya picha za mama mkwe na baba mkwe, picha ya Bwana Tansley nayo ilivaa lake, kana kwamba Mzungu yule alizaliwa ukoo mmoja nao. Aliongoza filamu Hollywood enzi za picha zisizosema, akatajirika. Sauti zilipoingia akatupwa kama kifuu, akafa akiuza kofia.

Champa alimpenda kwa filamu moja aliyoiona Unguja kabla ya Mapinduzi, kwenye onyesho la wanawake peke yao. Bibi harusi anazama mtoni. Mara huyo, anaolewa, kavishwa shada, vicheko tele. Tangu hapo, Chaman mumewe akisahau bizari dukani, au akiipita sari mpya bila kuisifu, huambiwa, "Bwana Tansley angejua." Naye Chaman, ambaye ndiye aliyeendesha mashine ya sinema ile, hunywa chai yake kimya.

Jumapili moja binti yao Usha akawakatia tiketi: filamu yenyewe inaonyeshwa Stratford. Asubuhi ile Chaman akaugua mgongo, kisha goti, kisha sikio.

"Filamu haina sauti, Baba Usha," Champa akamwambia. "Sikio la nini? Vaa viatu."

Harusi ikaja mapema, katikati. Mwishoni bibi harusi akazama, taa zikawashwa.

"Bado," Champa akamwambia msichana aliyesimama mbele kuieleza filamu. "Harusi imebaki."

Msichana akatabasamu. Hapana, bibi, kwa Tansley hakuponi mtu, hata mbwa hufa. Wenzake walimwita Mchimba Kaburi.

Champa akageuka. Chaman alikuwa akiisoma tiketi yake kama barua ya serikali.

Ndani ya treni Champa akamwuliza, "Uliigeuza?"

"Mkanda wa harusi niliuweka mwisho. Basi."

"Kwa nini?"

"Wiki ya kwanza kina mama walitoka wakilia, mwenye sinema akahofu hawatarudi." Akakohoa. "Ya pili nikachungulia kwenye tundu la mashine, nikakuona safu ya mbele na karanga zako. Nikasema, huyu asilie."

"Na miaka yote hii namfukizia udi mchimba kaburi, wewe mdomo umeushona?"

"Ulikuwa na furaha, Mama Usha. Nami nani nishindane na Hollywood?"

Champa akazikumbuka chai zote zile zilizonywewa kimya. Stesheni zikapita.

Waliposhuka Neasden akaingia duka la karibu na hekalu, akatoka na shada la maua mabichi ya manjano. Nyumbani akamsimamisha mumewe mbele ya picha za wakwe zake.

"Unamvua yule Mzungu lake?" Chaman akauliza.

"Mwache. Nani mwingine atamkumbuka?"

Chaman akalitazama shada. "Mimi bado hai, Mama Usha."

"Ndiyo maana. Inama."

Akainama, na mgongo uliougua asubuhi haukusema kitu.