Mfuniko wa Shingo Ndefu

Mjomba Isihaka alifariki alfajiri huko Kibuta. Saa nne asubuhi Hussen, mwanawe mkubwa, alinipigia simu Pangani kuniambia kwamba maiti itatolewa nyumbani baada ya sala ya Alasiri.

"Mwambie shangazi awahi," alisema. "Hatutamngoja mtu."

Akakata kabla sijampa pole.

Shangazi huyo ni mama yangu, Bi Biubwa, na Isihaka alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka tisa. Na sababu ni mfuniko wa rejeta, tangi la maji ya kupoza injini ya gari. Watu wakisikia hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu mjomba ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, na kwa miaka tisa nikawa namsalimia kwa kuibia.

Babu alituachia Landrova kuukuu, ya zamani kuliko mimi. Mdomo wa rejeta yake una shingo ndefu, kwa hiyo unataka mfuniko wa shaba wenye shina refu la kufika chini. Hii mifupi ya siku hizi ukiifunga inakaa juu juu tu, mvuke unatoka, gari linachemsha. Ule wa asili babu aliutia alama kwa tupa, mikwaruzo mitatu pembeni, maana hakuwaamini mafundi.

Basi mwaka ule mjomba alilichukua gari wiki moja kulitengeneza. Lilirudi linanguruma vizuri, lakini mfuniko si ule. Ulikuwa wa kuungaunga, umetiwa raba ya tyubu ya baiskeli. Mama aliuona siku ya arubaini ya bibi, uwanja umejaa watu, na mama yangu akishikwa na hasira hatafuti chumba cha kusemea. Alimwita mdogo wake mwizi. Alisema ameuza shaba ya baba yao. Mjomba akamtazama, akachukua kofia yake, akaenda zake. Wahenga walisema wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime. Watu wakachukua majembe kweli, na hakuna aliyerudi kuuliza.

Sasa mama alikuwa amekaa pembeni yangu garini, ubani na udi kapakata mapajani, anafanya mazoezi ya maneno.

"Nimekusamehe, Isihaka, kwa lile ulilolifanya. Nitayasema hayo akiwa amefunuliwa uso, watu wote wasikie."

"Sawa, mama."

"Au niseme 'lolote ulilolifanya'?"

Nilikuwa naangalia mshale wa joto. Kwetu wanawake hatufuati jeneza makaburini; tunaagana na maiti pale nyumbani, ikishatolewa basi. Kama tusingewahi, maneno yake angerudi nayo Pangani.

Tulipoiacha lami ya Kiluvya na kushika njia ya Kisarawe, mshale ulipanda. Kwenye kilima cha tatu mvuke ukafunika kioo chote. Nikasimamisha gari, nikafungua boneti, na kwa haraka zangu nikaukamata ule mfuniko kwa kanga na kuuzungusha kwa nguvu. Ukakatika. Shina likabaki ndani, kichwa mkononi mwangu. Saa saba na nusu.

"Mfuniko wa mwizi," mama alisema kutoka ndani. "Hata akifa ananikomoa."

Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nikasimamisha bodaboda.

"Mama, panda hii. Mimi nitakuja na gari."

"Nyonga hii mbovu nipande pikipiki? Na nitaingia Kibuta kwa gari la baba. Wasije wakasema nimekuja kuomba."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mtu kafa, yeye anahesabu watasema nini! Lakini mama ni mama. Nikamwachia chupa ya maji, nikapanda mimi.

Kisarawe mjini niliingia maduka manne ya spea. Wote walinitolea mifuniko mifupi, mipya, inang'aa, na mmoja akaniapia kwamba itaingia. Nilimwonyesha kichwa kilichokatika, akasema niitupe hiyo Landrova ninunue gari. Saa nane na robo. Simu ikalia, Hussen.

"Mko wapi?"

"Kisarawe. Gari limechemsha. Hussen, nakuomba, tungojeni kidogo."

"Mwanamvua, maiti haingoji. Tena kumngoja nani? Shangazi?"

Nilibaki nimeishika simu, machozi yananitoka mbele ya wauza duka. Mmoja wao aliona haya, akaniambia nimjaribu mzee Ashrafu, fundi wa kuchomelea rejeta, nyuma ya soko.

Nilimkuta amepiga magoti juu ya rejeta ya lori, mikono imejaa masizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema haraka, moto unapoa."

Nikamwonyesha kichwa cha mfuniko. Akakichukua, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ile raba ya baiskeli.

"Huu niliutengeneza mimi," alisema. "Ulikuwa wa kushikiza wiki moja. Mmeutumia muda wote huu?"

Mzee aliinuka taratibu, akafungua kabati la mbao, akasogeza makopo, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa. Mfuniko wa shaba, shina refu, raba mpya haijaguswa maji. Pembeni mikwaruzo mitatu.

"Isihaka aliuleta nimbadilishie springi na raba, nikampa ule wa kushikiza. Wiki iliyofuata akaja, nikampa huu, akanirudishia. Akasema, 'Dada yangu ameshaniita mwizi mbele za watu. Uweke. Siku atakayouliza uko wapi, mpe.' Nikamwambia peleka mwenyewe, mambo yaishe. Akasema, 'Aulize kwanza.'" Akanitazama. "Isihaka hajambo?"

"Tunakwenda kumzika."

Mzee akasema innaa lillahi, akaniwekea mfuniko mkononi, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Njia nzima ya kurudi nilimkasirikia mjomba. Miaka tisa! Neno moja tu lilitakiwa, na yeye kalifungia kabatini. Kisha nikamkasirikia mama. Kisha nikajikumbuka mimi mwenyewe, niliyekula chumvi ya wote wawili na sikuuliza hata siku moja.

Mama aliuona mfuniko kabla sijashuka pikipiki. Nilimweleza maneno ya mzee Ashrafu kama yalivyo, sikupunguza. Alipapasa ile mikwaruzo kwa kidole gumba, mmoja, wa pili, wa tatu. Nilichokonoa shina lililokatika kwa koleo, nikajaza maji, nikamwomba mfuniko ikabidi nimbandue vidole. Saa tisa na dakika kumi tukaondoka.

Niliendesha kama mwendawazimu. Mama hakufanya tena mazoezi.

Tuliingia Kibuta adhana ilishapita zamani. Jeneza lilikuwa mabegani, limetoka mlangoni, wanaume wamelizunguka. Nilizima gari katikati ya njia. Mama akashuka na nyonga yake, akaenda mbele ya boneti, akaufungua mfuniko kwa mkono mtupu, mvuke ukamrukia mpaka kiwikoni. Sikuwahi kumzuia. Akauinua juu.

"Isihaka hakuiba!" alipiga kelele. "Nisikieni, mliokuwepo siku ile. Mdogo wangu hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyemsingizia." Kisha sauti ikakatika, akamgeukia Hussen aliyekuwa amebeba upande wa mbele wa jeneza. "Baba, nisamehe wewe. Nisamehe kwa niaba yake."

Hussen alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Shangazi," alisema, "hilo lilikuwa la kumuuliza yeye, akiwa hai."

Wakabadilishana mabega, wakapita kando ya gari, wakaenda.

Jioni nilimfunga mama mkono kwa kitambaa, nikajaza maji tena, nikaukaza ule mfuniko. Tulirudi Pangani. Gari halikuchemsha hata mara moja.