Alama Tatu za Tupa

Walimpa jina la Sikio kwa sababu hakuwa na haja ya kufungua boneti. Gari lingekata kona nje ya karakana, yeye yuko chini ya lori, mgongo kwenye sakafu yenye oili, na angesema hukohuko chini kwamba silinda ya tatu haichomi vizuri. Likifunguliwa, ni ya tatu kweli. Miaka ikapita, jina likamganda, hata mkewe akawa anamwita hivyo mbele za watu, kwa maringo kidogo.

Macho yalipoanza kumtupa mkono, wenzake walimtania ili kumpoza: mwenye masikio kama yale macho ya nini? Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Daktari alimwambia ni presha ya macho, ugonjwa unaonyemelea miaka bila kupiga hodi, na kwamba kilichokwenda kimekwenda. Matone ya dawa yangemlindia tu kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga. Mchana alijua mlango uko wapi, na mtu akisimama hapo alijua kuna mtu kwa sababu giza lilizidi.

Akaacha kazi, akarudi nyumbani na makreti mawili ya vifaa vyake. Kwa miezi minne makreti yale yalikaa kwenye banda la nyuma, na yeye akakaa kwenye kiti cha barazani, mikono magotini kama mgeni anayengoja mwenyeji. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akishona chumba cha mbele na kumchungulia. Ndiye aliyemwambia siku moja kwamba yeye huingiza uzi kwenye sindano bila kuangalia, na kwamba mkono ukijua kitu kiko wapi, jicho halina kazi.

Neno hilo lilimwingia. Asubuhi yake alimtuma mtu kwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi pia, mwenye gereji ya kwake kwenye barabara ya sokoni. Ufundi wote alionao aliupata kwa kakaye, tangu kushika spana hadi kuteremsha injini. Alikuja siku hiyohiyo na mbao, akapigilia ubao ukutani, urefu wa mikono miwili, wenye safu tatu za misumari. Kisha wote watatu wakaketi bandani kwa wiki nzima wakipanga.

Walianza na soketi, vile vikombe vya chuma vinavyovalishwa kichwa cha nati kabla ya kuizungusha. Mke alisoma namba, mdogo mtu akapangusa grisi, Sikio akatundika kwa mkono wake mwenyewe: nane kushoto kabisa, kumi, kumi na moja, hadi thelathini na mbili kulia. Safu ya pili zilikaa spana za kawaida, safu ya tatu koleo na nyundo. Bisibisi zikapata droo, bapa upande huu, za msalaba upande ule. Racheti, yaani mpini wa kuzungushia soketi, ikatundikwa peke yake karibu na mlango. Walipofika kwenye ile spana ya mdomo wa kupanua na kubana ambayo mafundi huiita malaya kwa kuwa haichagui nati, mdogo mtu alimtazama shemeji yake akanyamaza, na Sikio akasema iitwe tu spana isiyo na msimamo. Shemeji akasema jina lake analijua tangu aolewe. Walicheka hadi machozi.

Sheria ikawa moja: hakuna kitu kusogea hata upana wa kidole. Na ikafanya kazi. Mwezi wa kwanza alitengeneza pampu ya maji ya jirani, mwezi wa pili jenereta ya kinyozi. Mkono ulikuwa unaondoka, unafika, unarudi na kile ulichokifuata. Kila Jumamosi mdogo wake alikuja kuangalia kama mpangilio umekaa sawa, akipangusa hiki na kukaza kile, na kila mwisho wa mwezi alimshika mkono kakaye wakaenda kliniki kuchukua matone. Watu walisema ndugu ndiyo hao. Sikio naye alisema hivyohivyo.

Jumanne moja alikuwa anafungua pampu nyingine. Alichukua soketi ya kumi na nne, akaivalisha kwenye nati, akavuta. Ikateleza. Akavuta tena, ikateleza tena, na alipopapasa nati akakuta pembe zake zimelika. Nati haikuwa na kosa, soketi ndiyo iliyoila. Akaichomoa soketi akaishika kwenye kiganja. Ilikuwa nyepesi. Kingo zake zilikuwa kali kama za kitu ambacho hakijawahi kufanya kazi. Akazungusha kidole gumba ubavuni, polepole, mara mbili.

Alipokuwa kijana karakana ilikuwa na mafundi thelathini, na vifaa vilikuwa vinapata miguu. Kwa hiyo kila kifaa alichokinunua alikikata alama tatu ndogo kwa tupa, zimebanana kama mikunjo ya kidole. Soketi hii ilikuwa laini pande zote.

Aliweka pampu chini akaenda kwenye ubao. Alizishusha moja moja na kuzipapasa. Kati ya soketi ishirini na mbili, tisa hazikuwa zake. Thelathini na mbili haikuwa yake, wala thelathini, wala ishirini na saba, wala ishirini na nne. Nyingi ni zile kubwa ambazo mtu wa pampu na jenereta hazigusi mwezi hata miezi. Aliyezibadilisha alikuwa ameanzia mbali, akisogea kidogo kidogo, na sasa alikuwa amefika kumi na nne. Si mwizi wa kuruka ukuta. Ni mtu anayejua kazi.

Mwisho akashika racheti, akaizungusha hewani. Ililia kwa sauti nyembamba ya bati. Ile yake ilikuwa na mlio mzito, wa taratibu. Hii alikuwa ameitumia kwa wiki kadhaa na mlio ule ulikuwa ukiingia masikioni kila siku, na hakuusikia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asikilize. Hilo lilimuuma kuliko soketi zote tisa.

Alikwenda chumba cha mbele akasimama mlangoni. Cherehani ilikuwa inakimbia. Akamuuliza mkewe, kwa sauti ya kawaida, soketi zilizoko ukutani zinafananaje. Cherehani ikasimama.

Sikio akajua ameshajibiwa.

"Zinang'aa," alisema mkewe. "Zako hazikuwahi kung'aa."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za masika. Shemeji aliniambia ana lori kubwa, anaazima moja, anarudisha. Halafu nikaona amening'iniza mpya. Halafu nyingine."

"Na wewe macho unayo."

Akaanza kueleza, na alieleza kwa muda mrefu, kitambaa kingali mkononi. Kwamba yeye Sikio ana ndugu mmoja tu duniani. Kwamba ni nani angemshika mkono kwenda kliniki, ilhali mke anashinda kwenye cherehani? Kwamba alimwona mumewe anafanya kazi, anapiga mluzi bandani, akasema moyoni heri asijue, chuma ni chuma. Sikio alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwomba amtafutie mfuko wa nguo, na amsindikize barabara ya sokoni.

Walifika kama saa sita mchana. Gereji ilikuwa katikati ya kazi. Alisikia lori limepandishwa kwenye jeki, gurudumu linavingirishwa, watu watatu au wanne. Wakamwamkia mmoja mmoja, "Shikamoo mzee," naye akaitikia. Akamwambia fundi aliyekuwa karibu naye amshikishe soketi ya ishirini na nne. Yule akaichomoa kwenye racheti yake, bado ina joto la mkono, akampa.

Alama tatu zilikuwa pale.

Mdogo wake alikuja akifuta mikono. Sikio alimjua kwa mwendo. Akafungua mfuko, akazipanga zile soketi tisa kwenye benchi, moja moja, na racheti mwisho.

"Nimekuletea vyako," alisema.

Gurudumu lililokuwa linavingirishwa likasimama. Mdogo mtu alimshika kiwiko, akamvuta pembeni, nyuma ya matairi, akaongea chini chini. Alisema yeye ana malori manne uani, vifaa vya siku hizi vinapasuka kama vigae, na vile vya kaka havitengenezwi tena popote. Alisema kaka anafungua pampu mbili kwa mwezi, kazi ya soketi yoyote ile. Aliongea kama mtu aliyeyapanga maneno yake zamani, na miwani yake ya mbao ameivaa vizuri.

"Chuma kinataka kazi, kaka. Kule kwako kingeota kutu."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba, ungenipa?"

Sikio alifungua mdomo kusema ndiyo, na ndiyo haikutoka. Asingempa. Angesema subiri kwanza, tuone macho yatakuwaje. Wote wawili walilijua hilo, na kulijua hakukuwapatanisha.

"Kumpiga mwenye macho changa la macho ni ujanja," alisema. "Mimi ulinipiga la nini?"

Mdogo wake akakiachia kiwiko. Alisema kwamba angalau hakumwachia misumari mitupu, kwamba alinunua vingine kwa fedha yake asije akapapasa akakosa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeamini ametenda wema, na hapo ndipo Sikio alipoacha kumsikiliza.

Alivichukua vifaa vyake vyote. Vingine vilitolewa kwenye droo, vingine mikononi mwa mafundi waliokuwa kazini, na kila kimoja alikipapasa kabla ya kukitia mfukoni. Lori likabaki juu ya jeki na magurudumu mawili. Mkewe alitaka kumsaidia kubeba, akakataa. Alitembea mbele na mzigo begani, fimbo mkono wa pili, na mkewe nyuma akimwambia kuna shimo, kuna ngazi, naye akigusa kwanza kwa fimbo ndipo aamini.

Jumamosi ile mdogo wake hakuja, wala iliyofuata. Mwisho wa mwezi mke alifunga cherehani akampeleka kliniki yeye. Mwezi wa pili alikuwa na sare za shule za watu, wakachelewa. Mwezi wa tatu hawakwenda. Giza la mlangoni na mwanga wa mlangoni vikaanza kufanana.

Ubao aliupanga upya peke yake. Mkewe alisimama bandani siku ya kwanza, akajitolea kusoma namba kama zamani, na Sikio akamwambia hapana, kidole kinatosha. Ilimchukua siku nne kazi ambayo kwa macho ya mkewe ingekuwa ya asubuhi moja. Sasa kila siku kabla ya kugusa pampu yoyote huanza kushoto kabisa, akashusha kila kifaa, akatafuta alama, akakirudisha, mpaka mwisho wa safu ya tatu. Jua huwa limeshapanda anapomaliza, na wateja wengine huchoka kungoja wakachukua vitu vyao wakaondoka navyo.

Siku moja mkewe alimletea uji bandani, akauweka kwenye benchi.

"Uko kulia kwako," alimwambia.

Sikio alishukuru. Alingoja hadi hatua za mkewe zifike chumba cha mbele na cherehani ianze. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa benchi lote, akianzia kushoto.