Tope la Lango la Malachy

Buti la kushoto lilibaki ndani ya tope, Malachy mwenyewe akatoka. Akasimama pale langoni kwa mguu mmoja kama korongo, soksi inalowa mvua, na Nora, farasi wake jike, anamnusa mfukoni kutafuta mkate kama vile hakuna lililotokea.

"Cheka tu, bibie," Malachy akamwambia. "Siku ukipakiwa kwenye trela ndiyo nitakuona unavyocheka."

Maana hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi mzee wa watu. Kule kwao Leitrim mvua ya majira ya baridi haijui kuaga, ikishakaa inajiona mwenye nyumba. Usiku Nora alilala bandani, mchana akapelekwa malishoni, na njia ilikuwa hilo lango moja. Tope lake lilimfika magotini. Miguu ikaota magamba, ngozi ikapasuka ikawa mbichi. Fidelma, binti yake aliyeolewa upande wa pili wa kilima, kwenye banda la sakafu ya saruji, alikuja akamshika Nora mguu, akatikisa kichwa.

"Baba, nakupa mpaka sikukuu ya Mtakatifu Brigid, mwezi wa pili ukianza. Nikikuta magamba haya bado yapo, namchukua akakae kwangu, na hatutagombana."

Wakagombana palepale.

Basi Malachy akaanza kazi. Kwanza alilaumu. Alimlaumu jirani kwa mtaro wake, akailaumu serikali, akamlaumu babu yake marehemu aliyeweka lango bondeni. Kisha akamwaga mawe, tope likayameza. Akatupa matawi, yakamezwa. Akaleta takataka za mbao kutoka kwa fundi seremala, zikaelea siku moja kisha nazo zikaenda zao. Ikafika siku Dympna, mkewe, amepelekwa hospitali kuangaliwa nyonga, Malachy akabaki peke yake na nyumba, akatazama zulia la sebuleni.

Zulia lenyewe lilikuwa jekundu, la maua, la wageni tu, tena si wageni wote. Padri aliruhusiwa kulikanyaga. Shemeji aliambiwa avue viatu.

Dympna akarudi jioni na fimbo yake.

"Malachy."

"Naam."

"Zulia langu liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo... nje kidogo."

Dympna akajikokota mpaka dirishani. Kule langoni ilikuwa imebaki pembe moja nyekundu inachungulia, na Nora amesimama juu yake, ametulia kama padri. Dympna akakaa kitini. Hakupiga kelele, na Malachy akaogopa zaidi, maana kelele zake alikuwa amezizoea.

"Hivi wewe, mzee," akasema mwishowe, "unajua tope lile linatoka wapi?"

"Babu aliweka lango bon..."

"Mwache babu apumzike. Ni wewe."

"Mimi? Mimi nina kwato?"

"Sikiliza. Tangu nyonga hii initie kitini sina kazi ila kutazama nje. Nora akitolewa asubuhi anapanda juu kwenye mawe, pakavu, anakula zake. Wewe ukikohoa tu jikoni, anateremka mbio. Unamwendea, unampa mkate, unamkuna, unampa habari za majirani. Ukirudi ndani haondoki. Anasimama palepale anakanyagakanyaga, anakungoja. Halafu ukichungulia tena unasema, maskini, ona alivyosimama topeni! Unatoka, unampa mkate."

Malachy akageukia dirisha.

"Ananingoja mimi?"

"Mkate ndio anaungoja." Dympna akamtazama, akamhurumia. "Na wewe kidogo."

Neno hilo lilimfurahisha, na furaha yenyewe ikamuumiza. Msimu mzima mtu anapigana na adui, kumbe adui ndiye huyo anayevaa suruali yake kila asubuhi. Usiku ule alijigeuza sana kitandani.

Kesho yake akaubeba mzigo wa nyasi kavu mgongoni, akapanda nao kilimani, magoti yakilia. Akafungua pengo la zamani kwenye ukuta wa mawe huko juu, lile la njia ya kokoto, Nora akawa anatolewa na kurudishwa kwa huko. Lango la bondeni akalifunga kwa waya. Jioni bandani akamlaza kwenye makapi makavu, akamfuta miguu kwa taulo ambalo Dympna alilichagua mwenyewe, ili lisije likachaguliwa jingine.

Kazi ngumu haikuwa kupanda kilima. Ilikuwa kukaa ndani. Siku ya kwanza Nora aliteremka langoni, akalia mpaka vyombo vikatikisika kabatini.

"Ananiita," Malachy akasema, ameshainuka nusu.

"Kaa."

"Dympna, ananiita kwa jina."

"Kaa, nimesema!"

Akakaa, mikono akaikalia. Siku zilizofuata Nora akaja akalia kidogo, kisha akaja bila kulia, kisha hakuja.

Fidelma alipofika na trela alishika mguu mmoja mmoja, akakuta ngozi imefunga, magamba hakuna. Akanywa chai. Akaondoka, trela tupu likigongagonga barabarani.

Malachy akavuta kiti, akakaa dirishani ubavuni mwa mkewe. Macho yake ya mbali yalikuwa yamechoka siku nyingi; kwake kilima kilikuwa kijani tu na kijivu.

"Anafanya nini?" akauliza.

"Anakula."

Malachy akakifuta kioo kwa kiganja.

"Na sasa?"

"Anakula, mzee."

"Hatazami huku hata kidogo?"

Kule juu Nora alikuwa ameipa nyumba makalio, mkia unapeperuka, kichwa kimezama kwenye nyasi. Dympna akasogeza pazia, akachungulia kwa makini kama mtu anayehesabu.

"Ehe," akasema. "Ameinua kichwa sasa hivi. Anatazama huku."