Kabati la Mwalimu Jean-Berchmans

Kellen alijifunza kusoma kwenye magunia ya mchele. Baba yake, Rutayisire, aliyekulia Karagwe na kurudi Kigali na Kiswahili chake chote, alimpakata jikoni akamfuatisha kwa kidole: uzito, tarehe, weka mahali pakavu. Gunia lilipoisha wakahamia boksi la sabuni. Alipoanza shule huko Kinyinya alikuwa amemaliza kila kilichoandikwa nyumbani, pamoja na karatasi ya dawa ya minyoo.

Na shule, tusiseme uongo, ilikuwa na vitabu. Mia nne! Vilikaa kwenye kabati la vioo, vimejipanga kama mabwana harusi, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mwalimu Jean-Berchmans, mtunza maktaba. Alivilinda kwelikweli. Kwa miaka yote hiyo hakuna kitabu kilichochanika, kilichopotea wala, Mungu apishe mbali, kilichosomwa.

Isipokuwa siku ya wageni. Mara moja kwa mwaka wafadhili walikuja kuona watoto wakisoma, basi ilibidi apatikane mtoto wa kusoma. Kellen alichaguliwa akiwa darasa la nne, kwa sifa kubwa ya kielimu: sweta lake halikuwa na tundu.

"Nawa mikono kwanza," Mwalimu alimwambia, akimpa kitabu chembamba cha Kiswahili. "Hii kitabu iko ya wageni. Usiikunje. Wakifika, weye cheka kidogo."

Kellen hakucheka. Alisoma. Kilikuwa kisa cha Alida, fundi cherehani aliyeletewa kazi ya kushona gauni la harusi la mwanamke aliyempokonya mchumba. Alifika ukurasa wa tisa, picha zikapigwa, wageni wakapanda gari, kitabu kikarudi kabatini.

Akangoja mwaka mzima. Darasa la tano akafika ukurasa wa ishirini na moja. La sita mvua iliwachelewesha wageni, akapata kurasa kumi na nane kwa mkupuo, na mvua ile aliiombea heri. Alipoomba kuazimwa hata kwa siku moja, Mwalimu alimtazama kana kwamba ameomba meno yake.

Hivyo ndivyo elimu ilivyosonga mbele. Alipofika mwaka wa tatu wa sekondari, iliyokuwa ndani ya ua wa shule ileile, alikuwa ukurasa wa sitini na mbili. Alida ameshika mkasi juu ya gauni. Zimebaki kurasa nane, na hii ndiyo siku yake ya mwisho ya wageni. Mtihani wa taifa ukipita, anahamia shule nyingine. Alitaka kujua kama Alida alikata au hakukata, basi. Jambo hilo lilimkosesha raha wiki nzima.

Wageni wakafika, wakapiga picha mbili, wakasifu usafi wa vitabu. Mgeni mkuu, mama aliyekulia Tanzania, akamwuliza, "Mwanangu, kitabu chako kinasemaje?"

Kellen akamsimulia yote, mpaka mkasi. Wageni wakasogea karibu. Hata Mwalimu Jean-Berchmans, aliyesimama mlangoni na kitambaa chake cha vumbi, aliacha kufuta.

"Halafu?" mgeni akauliza.

"Sijui, Mama. Huwa nasoma mkija tu. Na mwaka jana mlikuwa na haraka."

Wageni wakacheka mpaka basi. Walidhani ni utani. Mgeni mkuu akampapasa kichwa, akaahidi kabati la pili, wakaenda kunywa soda.

Mwalimu akaja na mkono umenyooshwa, kama kila mwaka. Kisha mkono ukashuka.

"Ile fundi," akanong'ona. "Ilikata gauni ao haikukata?"

"Mwalimu, si ufunguo unao wewe?"

"Kazi yangu iko kulinda." Akavuta kiti, akaketi. "Maliza basi. Mais vite, haraka."

Kellen akasoma kurasa nane kimyakimya, bila haraka hata chembe. Machozi yalimtoka, kisha akatabasamu, tabasamu ambalo wapiga picha walilitafuta kwa miaka sita. Akafunga kitabu, akampa Mwalimu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Sasa? Ilikata?"

"Jibu limo humo ndani, Mwalimu," Kellen akasema akiwa ameshafika mlangoni. "Ila nawa mikono kwanza."